Pilipili ya Kunguru

Niliondoka Kilibula kwa sababu ya kobe, na majirani walinicheka kweli kweli. "Vita iko kila pande, na muntu anafunga safari juu ya kobe!" Lakini shangazi yangu Koleta, mkulima wa uwanda wa Ruzizi, alikuwa amenitumia neno: mayai ambayo kobe wake aliyafukia kwenye shamba la karanga yalikaribia kupasuka, na kunguru walionona kwa taka za kambi ya wakimbizi walikuwa wanangoja. Msimu uliopita walimaliza watoto wote wa kobe. Shangazi aliporudi kutoka mafichoni alikuta nyumba tupu, hata mlango umeibwa. Aliyempokea ni kobe huyo peke yake.

Asubuhi nilijaza kitunga ndagala, vidagaa vikavu, nilizozipaka pilipili kali. Nilijiambia kunguru akizionja hatagusa tena kitu shambani.

Kwenye bariyeri, kamba iliyokatiza barabara, askari alinisimamisha.

"Weye mama, iko nini mu kitunga?"

"Dawa ya kunguru, shefu. Usionje!"

"Basi miye iko kunguru?" Akatupia kiganja kizima mdomoni.

Mungu wangu! Macho yalimtoka, kamasi zikatiririka, akawa anaomba maji kwa mikono. Nilijua nimekwisha. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja akaniinulia kamba.

Mchana nilifika shambani kwa shangazi. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, na vichwa vidogo vilishaanza kuchomoza. Haraka nikamwaga nusu ya ndagala mbali, kando ya mfereji. Kunguru wakashuka, wakala, wakanikodolea macho kudai zingine. Pilipili haikuwawasha hata kidogo! Nilitaka kulia.

"Unalia nini?" shangazi alipiga kelele. "Kunguru wote wako kwako! Ongeza, ongeza!"

Nikarusha ndagala, naye akawaokota watoto wa kobe ndani ya kitenge chake, akawaingiza chini ya wavu mkuukuu wa kuanikia samaki, kingo zimekazwa kwa mawe. Hakubaki hata mmoja nje. Vigelegele vya shangazi vilileta kijiji kizima. Jioni tukachimba shimo na kufukia taka zote za kambi, maana kunguru anayeshiba kwako hahami.

Wakati wa kurudi, askari yule yule alikiona kitunga akarudi nyuma.

"Mama, kunguru walilia?"

"Wapi, shefu! Waliomba nyongeza. Aliyelia ni weye peke yako."

Akacheka sana. "Na watoto wa kobe?"

"Wazima, wote."

"Mungu asifiwe," akasema, akainua kamba kwa mkono wake mwenyewe.

Nilirudi Kilibula nikijua jambo ambalo sikulijua nilipotoka: pilipili haimwashi kunguru, inamwasha binadamu, na mwenye bunduki naye ni binadamu.