Suti ya Baba Shambani

Baba alipopunguzwa kazi ya ukarani Nairobi, miaka ya tisini, tulifungasha vitu tukahamia ploti yake ya Kitengela, kwenye chumba cha mabati kilichojengwa kuwa stoo ya simiti. Mama alisema wazi mbele yetu watoto: hapa maji yakitushinda, tunarudi kwetu Kakamega. Mimi sikutaka kusikia habari za Kakamega. Huko baba zangu wadogo wangetupokea kwa huruma ya kelele, na Baba angehojiwa na kila mtu mpaka kuku.

Yeye mwenyewe alishikilia kwamba yuko likizo. Kila asubuhi alivaa suti ya kijivu, akafunga tai, akakaa nje kwenye kiti akitazama nyika. Nilikuwa nikikasirika kumwona. Likizo gani ya kufungiwa tai?

Halafu akaamua kulima mahindi. Mtu wa kwetu magharibi ya Kenya hata ukimpeleka mwezini atatafuta mahali pa kupanda mahindi. Udongo wa Kitengela ni mweusi wa kunata, mvua ikinyesha unatembea umebeba nusu shamba kwenye kila kiatu, lakini mahindi yaliota. Pundamilia wakayaona. Wakaja ukoo mzima, wakala bila haraka kama wageni wa harusi. Baba alipiga sufuria, akatukana kwa Kiluhya, wapi. Mwishowe akavua suti, akaivalisha miti iliyopigiliwa msalaba, akaongeza tai na kofia, akalisimamisha jisanamu lake kando ya njia. Yeye akabaki na fulana na gambuti za mpira. Pundamilia walilikagua kidogo, wakaendelea kula.

Aliyesumbuka ni jirani. Huyu alikuwa mzee Mmaasai, mwenye kisima tulichochota maji bure, naye alipitisha ng'ombe njia hiyo asubuhi na jioni. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa uzee, hayaoni vizuri. Siku moja nilifika kwake na jerikeni, nikainamisha kichwa akiguse, maana ndivyo watoto wa pale wanavyosalimia wazee. Hakukigusa.

"Mimi nasalimia baba yako kila siku," akasema. "Sopa! Yeye ananyamaza. Anasimama tu hapo na tai kama mbunge. Kama hawezi salimia mimi, maji yangu ni ya nini?"

Nilirudi na jerikeni tupu, kicheko na machozi vikinibana pamoja. Mama aliposikia hakucheka. Alianza kukunja blanketi.

Baba akatoka mbio kwenda kwa mzee, na fulana yake ya matope, mimi nyuma. Mzee akamkagua juu mpaka chini.

"Wewe ni kijana wa shamba? Enda uambie mkubwa wako akuje mwenyewe."

Baba akapapasa shingo, pale tai ilipozoea kukaa. Nilijua anatafuta ile likizo yake.

"Mzee, mkubwa ni mimi," akasema hatimaye. "Ile ni nguo tu, nimevalisha mti. Mimi siko na kazi. Nilifutwa."

Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Liliniuma, nikatazama gambuti zake. Mzee naye alikuwa akiufikiria ule mti aliokuwa akiuamkia msimu mzima. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono yote.

"Kazi imeisha. Sawa," akasema alipopata pumzi. "Ng'ombe ziko ngapi?"

"Siko na ng'ombe."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kicheko kikamkauka. Habari ya kazi haikuwa imemshtua hata kidogo, lakini hii ilimwingia. Alimtazama Baba kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa, akamwita mkewe kwa Kimaa. Mama yule akatoka na kibuyu cha maziwa.

"Pole sana," mzee akasema. "Pole kabisa. Chukua. Na mtoto ateke maji."

Baba alikuwa amekataa msaada wa ndugu zake wote, hata gunia la mahindi walilomtumia alilirudisha. Kile kibuyu alikipokea kwa mikono miwili.