Pipa la Bluu

Mimi ni mtu wa akiba. Nilikulia Kambarage, Shinyanga mjini, katika nyumba ambayo bomba lilikoroma mara nyingi kuliko lilivyotoa maji, na mama yetu hakuruhusu ndoo yoyote ilale tupu. Hata sufuria la ugali likishaoshwa lilijazwa maji na kufunikwa. Nilipoolewa nikahamia Buseresere, niliendelea hivyo hivyo. Chini ya kitanda changu huwa kuna mahindi ya kutosha miezi kadhaa, chumvi, viberiti, mafuta ya taa ingawa umeme upo, na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambalo mama mkwe hutuletea kila mwaka kutoka kijijini. Mume wangu hunicheka. Anasema nyumba yetu ikizingirwa na adui, adui ndiye atakayekufa njaa.

Hicho ndicho kinachoniuma katika habari hii. Si uzembe ulionifikisha pale. Ni uangalifu.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Pampu ya mkono tuliyoitegemea iliharibika, tukawa tunapanga foleni kwenye kisima kimoja, na kilipozidiwa tukashuka lamboni, tukachota pamoja na ng'ombe. Binti yangu wa darasa la tatu aliugua tumbo, akapona, akaugua tena. Mdogo wake alikuwa na miaka miwili. Nikaapa kwamba mvua ikinyesha, tone litakaloangukia bati langu halitapotea.

Nilimwita fundi akafunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa. Kilichobaki kilikuwa pipa. Na kama vile nimeitwa, asubuhi moja akapita mtu na mkokoteni wenye mapipa manne ya chuma, yamepakwa rangi ya bluu mbichi, yanang'aa kama yametoka dukani.

"Yalikuwa na nini haya?" nilimuuliza.

"Mafuta ya kula, mama. Ya kiwandani. Osha tu na sabuni."

Niliingiza kichwa ndani nikanusa. Sikusikia harufu ila ya rangi. Nikachukua moja. Niliosha mara tatu, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha nikalisugua kwa majivu kama nilivyofundishwa kusugua masufuria, nikaliacha juani siku mbili. Nilijiona mwanamke hodari.

Mvua ya kwanza nikaiacha ioshe paa. Ya pili ikajaza pipa hadi mdomoni. Mama mkwe alikuwa amefika siku hiyo hiyo kutoka kijijini, kwa sababu mume wangu alikuwa huko shambani akipanda pamba na mama alitaka kuwaona wajukuu. Nilimpa kikombe cha kwanza, kwa heshima yake. Alikunywa chote, akafuta mdomo kwa kitenge.

"Maji ya mvua hayana mwenzake, mayu," akaniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nilipomzaa mtoto wa kwanza.

Tulikunywa maji yale siku nne. Tulipikia uji, ugali, maharage. Kuku nao walinyweshwa.

Siku ya tano, kama saa nne asubuhi, jirani yetu alikuja kurudisha koleo. Anafanya kazi kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani ule mchanga wa dhahabu uliokwisha kuoshwa na wachimbaji, ambao wenye mitambo huuloweka kwenye dawa ili utoe dhahabu iliyobaki. Alisimama uani akimsalimia mama mkwe. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha nikaona anaacha kumtazama. Anatazama pipa.

"Shemeji, hili umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Aliuokota mfuniko uliokuwa umeegemea ukuta, akaugeuza, akaonyesha mshipi wa chuma wa kuubana. "Mapipa ya mafuta hayana mshipi kama huu," alisema taratibu. Akachukua lile koleo alilokuja kulirudisha, akakwangua rangi ya bluu ubavuni. Chini yake ilitokea rangi nyingine, na kwenye rangi hiyo kipande cha mchoro. Akakwangua tena. Lilikuwa fuvu la kichwa.

"Mmeyanywa?"

Nilijua amesema nini, lakini nilimwomba arudie.

"Maji haya, shemeji. Mmeyanywa?"

"Siku nne," mama mkwe akajibu kwa niaba yangu. "Kwani yana nini?"

"Ni pipa la sayanaidi, mama. Ile dawa ya kuchenjulia. Ni sumu."

Nilimnyakua mdogo aliyekuwa amekaa mchangani na kikombe chake cha plastiki, nikamtia kidole mdomoni kumtapisha, akanitazama kwa mshangao kisha akapiga kelele. Jirani akanishika mkono. "Usifanye hivyo. Nendeni kituo cha afya. Mkubwa yuko wapi?"

Mkubwa alikuwa shule. Na nilimwona waziwazi, kama yuko mbele yangu, asubuhi ile akitoka na chupa yake shingoni kwa kamba. Niliijaza mimi mwenyewe.

Nilimwachia mama mkwe mtoto, wakapanda bodaboda kwenda kituo cha afya, mimi nikachukua nyingine kwenda shule. Njiani nilikuwa nakumbuka vitu. Jana mama alilalamika kichwa. Juzi mdogo alilala mchana kupita kawaida. Mimi mwenyewe nilisikia kichefuchefu, tena nilikisikia palepale juu ya pikipiki. Kila kilichotokea nyumbani kwa siku nne kiligeuka kuwa dalili.

Mwalimu alinifungulia mlango wa darasa. Binti yangu alikuwa dawati la tatu, anaandika, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama kawaida yake. Mzima. Niliegemea mlango.

"Kuna nini, mama?" mwalimu akauliza.

"Bibi yake anaumwa," nikasema. "Namchukua mara moja."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Najua ulikotoka. Niliona aibu. Mimi, ambaye wanawake wenzangu walikuja kuniuliza namna ya kuhifadhi kunde zisibunguliwe, nimewanywesha wanangu sumu kwa mkono wangu. Nilimshika binti mkono tukavuka uwanja. Chupa ilikuwa inagonga kifuani pake. Nikaitikisa. Ilikuwa karibu tupu.

"Umeyanywa yote?"

"Nimewagawia wenzangu. Wa dawati letu, wawili. Walikuwa na kiu."

Tulikuwa tumebakiza hatua chache kufika kwenye bodaboda. Nilisimama. Nataka kusema kwamba niligeuka mara moja, lakini si kweli. Nilisimama nikiwaza: kidogo tu, mafunda mawili, hawatadhurika, na mimi nina haraka. Binti akaniuliza, "Mama, mbona unalia?" Ndipo nikarudi.

Nilimwambia mwalimu ukweli wote pale mlangoni, kwa sauti ya chini, na watoto wakinyamaza kusikiliza. Mwalimu hakunigombeza. Aliwaita wale wawili wakatoka, mmoja bado ameshika penseli, tukapakiana kwenye pikipiki mbili, na mwalimu mkuu akatuma watu kwa wazazi wao. Sitasahau mama wa mmoja wao alivyofika kituo cha afya na unga mikononi, akanipita kwenda kumshika mwanawe. Heri angenitukana.

Daktari alitupima mmoja mmoja. Alitumulika macho, akatusikiliza kifua, akauliza maswali mengi: nani ametapika, nani anapumua kwa shida, nani amepoteza fahamu, nani amepata degedege. Hakuna. Kisha akaniita pembeni.

"Sumu hiyo haina subira," alisema. "Ingekuwa nyingi kwenye maji, usingekuwa na siku nne za kunisimulia. Uliosha pipa, mvua ikalijaza, pengine kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Au hakikuwapo."

"Pengine?"

"Kipimo cha maji hayo hapa sina. Siwezi kukudanganya. Kaeni hapa mchana huu tuwaangalie. Mkienda nyumbani, yeyote akibadilika, mrudi haraka."

Alikuwa mkweli, na nilimheshimu kwa hilo baadaye. Siku ile neno pengine lilinichinja. Tulikaa kwenye benchi hadi jua likapoa. Wale wanafunzi wawili walicheza na binti yangu mchezo wa mawe chini ya dirisha, wakicheka, huku sisi akina mama tukiwahesabia pumzi.

Tuliporudi, mama mkwe hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bandani kwa kuku. Aliwahesabu, akawamwagia mtama, akachuchumaa kuwatazama wanavyodonoa. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa. Nilidhani anajipotezea mawazo. Siku ya tatu nikamuuliza.

"Kuku ni mdogo kuliko mtoto," alinijibu. "Kama ni kufa, ataanza yeye. Nami nimekunywa kabla yenu wote. Kwa hiyo wewe watazame watoto, mimi nitawatazama kuku."

Sikujua kwamba na yeye alikuwa anaogopa hadi nilipomwona akiwahesabu upya kuku aliokwisha kuwahesabu.

Hakuna kuku aliyekufa. Hakuna mtoto aliyebadilika. Lakini mimi nilikuwa nikimsikia mdogo akikohoa, naacha mboga jikoni inaungua. Nilimwamsha binti kila alipolala mchana. Alikasirika. Mume wangu, aliyerudi kutoka shambani kwa pikipiki siku ile ile tulipompigia simu, alinikuta nanusa maji ya kisimani kwenye kikombe, akakichukua, akanywa mbele yangu, akanirudishia. Hakunicheka safari hiyo.

Halafu likabaki pipa lenyewe, limejaa. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Kumwaga uani, kuna kisima cha jirani bondeni. Mume wangu alitaka tulipeleke porini. Nikamuuliza ng'ombe wa nani watakunywa hapo. Siku tatu lilikaa limefungwa mshipi wake, nimelizungushia miiba kama kaburi la mtu mbaya, na kila mvua iliponyesha nilitoka kuona kama linavuja. Mwishowe jirani alizungumza na msimamizi wake, wakaja na gari wakiwa wamevaa glavu, wakalibeba na maji yake kupeleka kwenye bwawa lao la mabaki. Pipa walilitoboa kwa sururu ili asilitumie mtu tena.

Lakini mkokoteni ule ulikuwa na mapipa manne. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza, na mimi nikazunguka mwenyewe kuulizia. Mawili tuliyapata upesi. Wenyewe walikuwa hawajayatumia, wakashukuru Mungu. La nne lilikuwa kwa mama mmoja anayepika pombe ya kienyeji karibu na barabara ya Biharamulo. Nilimkuta anakoroga pombe ndani ya pipa kwa mwiko mrefu.

"Dada," nilimwambia, "hilo pipa lina sumu." Nikamsimulia yote.

Alinisikiliza hadi mwisho, hakuacha kukoroga. "Watoto wako wazima?"

"Wazima."

"Wewe mzima?"

"Mzima, lakini..."

"Basi. Na hili si la juzi. Lile la juzi liko nyuma, nimewekea mkaa. Hili ninalo mwaka wa pili, na wanywaji wangu wapo, wengine wananidai chenji. Unataka nilishe wanangu hofu yako?"

Nikatazama mfuniko uliokuwa chini karibu na miguu yake. Ulikuwa na mshipi wa chuma. Nilimwonyesha. Akaupiga teke ukabingirika. Mwenyekiti alikwenda baada yangu, akafukuzwa kwa maneno makali zaidi. Nilirudi nyumbani nikiogopa kwa namna mpya, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba mapipa hayakuwa manne tu.

Kuanzia hapo sikupita barabara ile bila kutazama ua wake. Nilikuwa nikiona watu wameketi na vikombe, wanaongea, wanacheka, na moshi unapanda, nami nazidisha mwendo kana kwamba ni mimi mwenye kosa.

Masika yalikuwa yanaisha alipokuja kwangu yule mama wa pombe. Hakuja kwa hodi ya kawaida. Alisimama nje ya ua hadi nilipomwona. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Aliniambia binti yake mkubwa amerudi kutoka Geita mjini, ni mjamzito, na atajifungulia kwake.

"Hongera," nikamwambia.

"Ahsante." "Tangu amefika simpi maji ya pipa la nyumbani. Namchotea kwa watu. Ananiuliza kwa nini, namdanganya."

Niliogopa neno lolote lingemfanya ageuke.

"Yule jirani yako," akasema mwishowe, "na wenzake wakija na gari lao kuchukua mapipa, wanakuja siku gani?"

Nilichukua kitenge changu kwenye kamba, nikamfungia mdogo mgongoni, tukaenda wote wawili kumtafuta.