Mzoga wa Kenta Njia Panda

Nathanaeli, seremala wa pale Kizota, hasikii. Sisemi hasikii vizuri. Hasikii kabisa, hata radi ipige juu ya bati lake. Na madereva wetu wa Dodoma mnawajua, breki yao ni honi. Wakifika njia panda wanapiga piii, kazi imekwisha, aliye mbele atajijua. Ikabidi Raheli, mkewe, awe anamvusha kila asubuhi kwenda karakana, kamshika shati, mwanaume mzima na msumeno wake.

Siku pikipiki ilipomchania suruali, Raheli alienda kwa mtendaji wa mtaa, kijana mmoja anaitwa Cornel.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka tuta pale njia panda."

"Bajeti haina tuta, mama. Mwambie mzee asikilize kwanza, ndiyo avuke."

"Asikilize?" Raheli akamwangalia. "Baba, umeamka salama kweli?"

Akarudi kavimba. Akachukua panga, akakata matawi ya mwarobaini, akayalaza barabarani. Nchi hii kila dereva anajua: ukikuta majani barabarani, mbele kuna gari limekufa. Basi wakawa wanapunguza mwendo, shingo nje, wanatafuta lori. Nathanaeli akavuka peke yake, anatembea kama diwani.

Raha hiyo haikudumu. Walipogundua hakuna gari, wakaanza kuyakanyaga matawi bila hata aibu.

"Mama muongo wewe!" akapiga kelele kijana wa bodaboda. "Gari liko wapi?"

"Unataka gari? Subiri."

Akaenda kwa Ulimboka, fundi magari, mwenye lori la Kenta lisilo na injini nyuma ya gereji. Kuku wanatagia humo.

"Shemeji, niazime huo mzoga."

"Shemeji, hautembei huo."

"Ndiyo maana naupenda."

Tukasukuma mtaa mzima, mgongo wangu mpaka leo unalalamika. Tukaliegesha pale njia panda, limekula nusu ya barabara, matawi mbele, matawi nyuma. Hapo sasa hakuna aliyepita bila kukanyaga breki.

Cornel akaja mbio. "Mama, toa hili gari, watu watagongwa!"

"Ahaa! Kumbe unajua watu wanagongwa?"

Akaondoka amenuna. Tukasema sasa tuta linakuja. Wakaja mafundi kweli, na saruji, na nguzo ya chuma, wakasimika bango: PUNGUZA MWENDO, GARI BOVU MBELE. Jamani! Tuta hakuna, bango la mzoga wa Ulimboka lipo! Raheli akakaa chini, kashika kichwa.

Asubuhi yake Nathanaeli akatoka na ubao begani. Magari yakasimama huku na huku. Akafika katikati, akaliona bango, akashusha ubao apate kulisoma. Anasoma taratibu, herufi moja moja, foleni nzima inampigia honi.

"Vuka, baba Hilda!" Raheli naye akapayuka kutoka ng'ambo. "Vuka, utagongwa!"

Anampigia kelele nani, sijui.