Shibiri Niliyomkatalia Salum

Aibu nyengine ukizisimulia mara mbili tatu zinageuka kichekesho, na mimi za namna hiyo ninazo debe zima, lakini hii ya kiwanja cha mpira wa mikono kila nikiieleza wanacheka wenzangu, mimi nabaki na kitu kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Basi leo nitaieleza taratibu, na pahala pa kucheka mcheke, ila mwisho mninyamazie kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ndiyo kwanza nimemaliza skuli ya usiku. Mchana nikishona magunia ya karafuu katika ghala moja huko Malindi, mtaa wa bandarini hapa mjini, jioni nakwenda kusoma, na siku niliyopewa cheti nilitembea nacho kutoka skuli mpaka kwetu Kikwajuni nimekinyoosha mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, hata kipofu angekiona. Nikanunua na kalamu ya kuchomeka mfukoni (wino haikuwa nao, lakini nani angeuliza?). Watu wa mtaani wakaanza kuniita Mwalimu, kwa dhihaka, na mimi nikawa naitika "Naam!" kwa moyo mmoja.

Sasa katika vitabu vikuukuu tulivyogaiwa siku ya kumaliza, mimi kiliniangukia kijitabu chembamba cha Kiingereza, kina picha za Wazungu wamevaa kaptura wanarushiana mpira kwa mikono na kuutia golini. Nilikisoma mara arubaini (haya, mara nne), kisha nikakaa barazani nikawatangazia vijana kwamba mpira wa miguu umeshapitwa na wakati, kwani hata punda ana miguu, mtu mstaarabu hucheza kwa mikono.

"Huu si ule mpira wa wasichana wa skuli?" akauliza Haji, kijana mmoja mrefu ambaye akisimama wima anakuna magoti bila ya kuinama.

"Ule wa wasichana goli lake liko juu kama tundu la njiwa," nikamjibu. "Huu una goli la kusimama, lina golikipa, na una kuumia."

Neno kuumia likawaingia. Nikawafundisha: kila upande watu saba pamoja na golikipa, mpira mdogo, kiasi cha nazi iliyofuliwa, ukiushika mwisho hatua tatu, kisha uudundishe au umpe mwenzio au ulenge goli, na mbele ya kila goli pana mstari wa kupinda, ndani yake hakanyagi mtu isipokuwa golikipa. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa, kwani kila mpira ukianguka chini mguu wa mtu unauparamia wenyewe, na hizo hatua tatu ilibidi tuzihesabu kwa sauti, uwanja mzima "moja! mbili! tatu!", mpaka watoto wadogo wakawa wanawahesabia wapita njia. Wiki ya tatu tulikuwa hatari. Angalau mimi nilisema kwamba tu hatari, nikapeleka salamu kijijini Chwaka kwa kijana mmoja akiitwa Makame, aliyewahi kutuona tukicheza akaunda timu yake kwao, kwamba waje Jumapili tuwafunze adabu.

Kiwanja hatukuwa nacho, tulikuwa na uwanja mtupu wa mchanga, chokaa ndoo mbili, kamba ya kuchorea mistari na boriti za kutengenezea magoli. Nikafungua kijitabu. Kimeandika upana wa goli mita tatu. Mita! Skuli tulifundishwa yadi, futi na inchi, hiyo mita sikuwahi kukutana nayo, si njiani wala darasani. Mwalimu wangu hasa alikuwa akikaa vichochoro viwili kutoka pale, na kumgongea mlango kumuuliza ilikuwa kazi ya kupepesa jicho, lakini mtu na cheti chake akabishe hodi aulize mita ni nini? Nikaamua mwenyewe kwamba mita ni pima ya Kizungu. Wazungu nao si wana mikono?

Na pima kila mtu anaijua, unatanua mikono kama unataka kukumbatia pipa, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile, basi. Na bingwa wa pima mtaani kwetu alikuwa Salum.

Salum nilisoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa wadogo, juzuu kwa juzuu. Alikuwa akiuza kamba za makumbi kwenye kibanda cha marehemu babake karibu na soko la Darajani, kamba za kuwambia vitanda, za kuanikia nguo, za kufungia mizigo, na zote akizipima kwa mikono yake, na mikono yake ilikuwa mifupi. Mifupi kweli, hapo sitii chumvi. Kwa hiyo babake alimfundisha kwamba kila akipima pima moja aongeze na shibiri moja, kile kitanga cha mkono kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, ili mnunuzi apate haki yake. Nimekaa naye kibandani mara zisizo idadi, na sijapata kumuona akiisahau hiyo shibiri, hata kwa mtoto aliyetumwa.

Jumapili ikafika, jua limeshapinda, gari la wageni limeonekana, na magoli bado. Nikaona nigawe kazi: Haji apime goli la upande wa bahari, Salum la upande wa majumba. Salum akapiga magoti mchangani, akatanua mikono, akatia alama, halafu akaweka kitanga chake.

"Na hiyo shibiri ya nini?" nikamuuliza.

"Ya mkono wangu. Pima yangu bila ya shibiri haijatimia, kwani hujui?"

"Salum, hapa si kibandani. Kitabu kimesema tatu, hakikusema tatu na shibiri."

"Yakhe, goli litakuwa dogo."

"Nani aliyesoma kitabu, mimi au wewe?"

Akanitazama kidogo, kisha akaunyanyua mkono wake mchangani. "Wewe, Mwalimu," akasema, na hakusema kwa dhihaka, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniita hivyo bila ya dhihaka.

Watu walijaa siku ile kama sikukuu, kina mama wamekaa kwenye majamvi, na mbele kabisa Bi Mize, jirani yetu, ambaye sauti yake ikitoka Kikwajuni inasikika Nungwi, mwisho wa kisiwa. Mimi nikawa refa, firimbi mdomoni, kalamu kifuani. Wageni wakaanza wakilinda goli la Haji, sisi tukilinda la Salum, na wallahi vijana wa Chwaka walikuwa wazuri kuliko sisi, wanarusha mikono kama teo la kurushia mawe, lakini kila wakirusha mpira unagonga boriti, na sisi kila tukirusha, hata waliorusha huku wamefumba macho, unaingia. Tulipofika nusu tumeshawatia tisa, wametutia moja. Watu wetu wanashangiria, na mimi najiona nimevumbua kitu.

Kabla ya kubadilishana upande Makame akaokota ile kamba niliyochorea mistari, akanyoosha kwenye goli la Haji, boriti mpaka boriti, akaishika pale ilipofika, akatembea nayo mpaka goli la Salum. Kamba ikabakia. Ikabakia kipande cha kumlaza mtoto wa miaka saba.

"Hili goli nani kalipima?" akauliza.

Macho yote yakaenda kwa Salum, aliyekuwa amesimama pembeni na kibuyu cha maji ya wachezaji.

"Ahaa!" Ikatoka sauti ya Bi Mize. "Sasa nshajua kwa nini kamba yangu ya kitanda haikufika miguuni!"

"Na mimi ya kuanikia nguo!" akadakia mwengine kwenye jamvi.

"Kumbe ndiyo kipimo chake hicho! Na kila Ijumaa yumo safu ya mbele msikitini!" akasema wa tatu.

Kupunja kipimo, jamaa zangu, kwetu si mzaha. Mtu ataitwa mlevi, ataitwa mvivu, na atakula na wenzake sinia moja, lakini akiitwa mpunjaji hata salamu yake watu wanaipima kwanza. Salum aligeuka akanitafuta mimi. "Mwalimu," akasema, "waambie."

Maneno mawili tu. Na mimi jawabu nilikuwa nalo, fupi kuliko mkono wake: mimi ndiye niliyemkataza. Lakini niliona uwanja mzima unanitazama, wageni wananitazama, cheti kiko nyumbani nimekitundika ukutani, nikasikia sauti yangu inasema, "Sahihi ni goli la Haji. Hilo ndilo la kitabu." Kisha nikapuliza firimbi, kwa nguvu, kama kwamba firimbi inaweza kufuta.

Salum akaweka kibuyu chini, akaondoka. Alikwenda ameibana mikono ubavuni, kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Na Makame akawakusanya wenzake. "Twendeni zetu," akasema, "watu wa mjini hata goli wanapunja." Mchezo ukaishia hapo.

Wiki ile kila aliyepata kununua kamba kwa Salum aliirejesha ipimwe upya. Kwa mikono ya huyu ilizidi, kwa mikono ya yule ilipungua, wakabishana, naye akazipima zote tena. Nikamwendea adhuhuri moja alipokuwa peke yake.

"Salum, nisamehe. Kosa langu."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Walipokuwapo watu ulinyamaza, sasa hapana hata shahidi ndiyo unasema." Akaendelea kukunja kamba. "Nshakusamehe. Lakini msamaha wangu hauwafikii wao."

Alisema kweli, kwa hiyo asubuhi ya pili, soko limejaa, nikapanda juu ya kasha mbele ya kibanda chake nikasema yote, shibiri, kitabu, mita, kalamu isiyo wino, na mpaka mwisho machozi yananilengalenga. Wakacheka! Bi Mize akashika mbavu. "Mwalimu huyo! Anamtetea rafiki yake, hebu msikilizeni!" Mtu aliyewahi kuwaapia kwamba alimuona papa anapanda mnazi, nani atamuamini siku anaposema kweli?

Baadaye nilikwenda kwa mwalimu wangu, nikabisha hodi, nikauliza. Mita ni kama nusu ya pima ya mtu mzima. Goli la kitabu lilikuwa dogo kuliko la Salum. Katika uwanja mzima ule yeye ndiye aliyekaribia sahihi, na kama si kisirani changu cha kutokuuliza magoli yote mawili yangelingana. Kalamu sikuichomeka tena, na tangu siku ile nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, kwa sauti, mbele za watu, na niliahidi pia kupunguza chumvi (hilo linanishinda, lakini leo mmeona nimejitahidi).

Nilipooa nilikwenda kununua kamba ya kuwambia kitanda. Salum alikuwa ameshapigilia misumari miwili kwenye ubao, na kamba anaipima baina ya msumari na msumari, mikono haitanui tena. Akanihesabia pima zangu, akakata.

"Na shibiri?" nikamuuliza, nikijaribu kucheka.

"Kitabu hakikusema," akajibu, bila ya hasira, akanipa kamba yangu.

Ilitosha kitanda sawasawa. Haikubakia hata ya kufungia fundo la mwisho.