Mwalimu Aliyeita Majina

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi hospitali moja karibu na Nizwa, Oman, pamoja na muuguzi mwanamke wa Kibosnia. Ukimwita kwa jina haitikii. Unashtukia mkono begani, naye yupo nyuma yako, kimya, anangoja umwambie unachotaka. Wenzetu walimwona ana kiburi. Mimi, nasema kweli, nikimwogopa.

Siku moja adhuhuri nilimleta nyumbani kwetu Birkat al Mauz kwa chakula. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameacha televisheni inawaka. Zikatokea picha za vita vya Bosnia: wanaume wa kikosi cha kujitolea cha Waserbia, nyuso wamezifunika kwa vitambaa vyeusi, wanapita baina ya nyumba. Mgeni wangu akaweka kijiko chini.

"Yule wa mwisho alikuwa mwalimu wetu wa hesabu," akasema kwa Kiarabu.

"Umemjuaje, na uso kaufunika?" nikamuuliza.

"Kwa mwendo. Na siku waliyokuja mtaani kwetu, kwa sauti. Alisimama njiani, akafungua karatasi, akaanza kuita majina polepole, vile vile kama darasani."

Yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wamejificha nyuma ya rundo la kuni. Jina la mdogo wake likaitwa. Yule mdogo, kwa mazoea tu, akajibu: "Nipo, mwalimu."

Walimpakia kwenye lori pamoja na wanaume wengine wa mtaa. Hakurudi hata mmoja.

Nje maji ya falaji yakipita mferejini, nami nikayasikia kama watu wanaonong'ona.

Mama akamuuliza, "Mlipata kumzika, mwanangu?"

"Hapana, khala," akajibu, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu.

"Na sisi kaka yangu hatukumzika. Walimchukua wakati wa mapinduzi ya Unguja."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Sikuwahi kujua kama nina mjomba.

Baadaye yule muuguzi alikwenda kutoa ushahidi mahakamani, na mwalimu akafungwa. Miaka miwili mbele mifupa ya mdogo wake ikapatikana, akaenda kwao kuzika. Aliporudi, Mama alimkalisha, akataka aelezwe yote: sanda, udongo, nani aliingia kaburini kumpokea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.