Aliyeng'oa bikoni ya baba yake akitafuta sanduku la Mjerumani

Saa mbili asubuhi, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa Kisongo, Sironka Lukumay anatembea polepole kama mtu aliyeangusha pete. Mkononi ameshika fimbo yenye sahani nyeusi mwishoni. Anaipeleka kushoto na kulia, karibu kabisa na mabua. Ndege ndogo inapaa kutoka uwanja wa jirani. Anasimama, anasubiri mngurumo upite, kisha anaendelea.

Mashine inalia. Anarudi nyuma kidogo, anaipitisha upya kutoka upande mwingine, inalia palepale. Anapiga magoti na kufukua kwa mwiko mpaka unatokea uso wa zege, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu.

"Madam, njoo umwone mtu wako," anaita.

Irine Swai, mpima ardhi wa kujitegemea, anainama, anasugua zege kwa brashi na kusoma namba. "Ni yeye," anasema. "Alikuwa amelala tu."

Hiyo ndiyo kazi ya Sironka, mwenye umri wa miaka 54: kutafuta bikoni, zile alama fupi za zege zinazowekwa kwenye kona za mashamba na viwanja, ambazo matrekta na mvua vimezifukia. Wapima humlipa Sh45,000 kwa siku. Siku wasipomhitaji, hutengeneza redio na spika kwenye kibanda chake Daraja Mbili.

Daraja Mbili hawamwiti fundi. Wanamwita Mjerumani.

Jina hilo lina miaka saba. Sironka alizaliwa juu ya Ngaramtoni, upande wa mlimani, ambako watoto hukua wakisikia kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walifukia mali wasizoweza kubeba. "Kila ukoo una sanduku lake," anasema. "Ila hakuna ukoo uliowahi kuliona."

Alipoamua kulitafuta la kwao, aliuza mitamba wawili ili anunue ditekta, mashine ya kugundua chuma kilichofukiwa. Zilikuwapo za aina tatu. Ya kwanza hutofautisha sarafu na msumari, lakini haifiki mbali chini. Ya pili huvumilia udongo wenye chuma, lakini hulilia kila kitu, iwe dhahabu au kizibo cha soda. Ya tatu ina maboksi mawili yaliyounganishwa kwa mti mrefu. Haishughuliki na vitu vidogo, na muuzaji alidai inaona sanduku lililofukiwa chini zaidi ya kimo cha mtu. Akanunua hiyo.

"Nilimuuliza swali moja tu: inakwenda mita ngapi?" anakumbuka. "Sikuuliza itafanya nini kwenye udongo wetu."

Udongo wa Mlima Meru ni wa volkano. "Chovya sumaku kwenye mchanga wa mto kule kwetu, inatoka na ndevu za chuma," anasema Sironka. Mashine ya maboksi mawili ililia asubuhi hadi jioni, migombani, njiani, hata juu ya mwamba mtupu. Mahali pamoja tu ililia kwa sauti ya kutulia: kwenye mstari wa mimea ya masale unaotenganisha shamba lake na la kaka yake, Sadoki.

Alichimba Jumapili, Sadoki, ambaye ni mzee wa kanisa, akiwa ibadani. Chini kidogo alikuta zege lenye herufi na tarakimu. Kwa watafuta hazina, maandishi kwenye zege ni ishara ya Mjerumani, na mali iko chini yake. Alilivunja kwa nyundo, akashuka na sururu mpaka kichwa chake kikapotelea shimoni.

Hakukuwa na kitu.

Zege lile lilikuwa bikoni. Baba yao aliiweka alipowagawia wanawe shamba, miaka ambayo Sironka alikuwa machimboni Mererani. Mvua za mlimani ziliifunika. Masika yaliyofuata shimo lilibomoka, masale yakang'oka pamoja na udongo, na mpaka haukuonekana tena. Sadoki alikwenda baraza la ardhi la kijiji akidai mdogo wake amehamisha mpaka. Wazee walikaa, wakapima kwa kamba, wakashindwa kukubaliana.

Tangu hapo ndugu hao hawasalimiani. Mama yao, Namnyaki, alifariki miaka mitatu baadaye. Wanawe walisimama pande mbili za kaburi, na kila mmoja aliondoka kwa njia yake.

Sironka aliuza mashine ya maboksi mawili kwa bei ya kutupa. Irine, aliyekuwa amemletea redio ya gari, ndiye aliyemweleza kwamba wapima wengi hupoteza siku nzima wakichimba kubahatisha bikoni zilizofukiwa. Akanunua ditekta ndogo ya kutafuta chuma kilicho karibu. Hiyo ndiyo anayotumia mpaka leo.

Lakini sifa haimwachi mtu. Mchana huohuo, baada ya kazi ya Kisongo, kibandani kwake anaingia kijana anayejitambulisha kwa jina la Lucky, kutoka Usa River.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Redio au simu?"

"Wala. Nimeambiwa wewe ndiye Mjerumani." Lucky anacheka, anafungua picha kwenye simu. "Hii wanasema inakwenda mita sita, hii mita nane. Nichukue ipi?"

Mama anayekaanga chipsi mlango wa pili anadakia: "Chukua zote, mwanangu! Mwenzio alipata shimo zima!"

Sironka hacheki wala hakasiriki.

"Hilo shamba unalotaka kuchimba ni la nani?"

"La babu."

"Mko wangapi kwa huyo babu?"

Lucky anakuna shingo. "Tuko wengi, mzee. Lakini wao hawana habari na haya mambo. Nisaidie kuchagua tu, mengine niachie."

"Basi nenda kawape habari kwanza. Wakishajua wote, njoo, nitakuchagulia bure, nitakufundisha kuitumia na kuupima udongo wenu. Na mkachukue kibali, malikale haichimbwi kienyeji."

Lucky anarudisha simu mfukoni. Anasema atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Nyumbani kwa Sadoki, kule juu Ngaramtoni, ng'ambo ya mfereji, mzee huyo wa miaka 61 anakaribisha chai, lakini hamtaji mdogo wake kwa jina.

"Watu wanadhani nililia kwa sababu ya ardhi," anasema. "Ile bikoni, chuma chake nilikishika mwenyewe, baba akimimina zege. Angeniuliza tu, ningemjibu kabla hajakaa. Hakuniuliza, kwa sababu kama lingekuwa sanduku, angelazimika kuligawa."

Sironka anapoambiwa maneno hayo, hayapingi. "Ndivyo ilivyokuwa," anasema. "Nilichagua mashine ya kuona chini kabisa, nikachagua na siku ambayo kaka hayupo."

Kwa kutumia kona tatu zilizobaki, Irine ameshapiga hesabu na kupata mahali bikoni ilipokuwa. Amechomeka kigingi cha mti. Zege halimimini, anasema, mpaka majirani wote wawili wawepo na wakubali. Ameshamwita Sadoki mara mbili, hakufika.

Mfuko wa saruji umekaa chini ya meza ya kibanda, umefungwa kwa nailoni usishike unyevu. Baada ya Pasaka, Sironka anakusudia kupanda Ngaramtoni kumwita kaka yake kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka saba.

"Akija, chuma atashika yeye," anasema. "Mimi nitakoroga zege."