Mbele ya Ubao

Siku ya kwanza niliingia kazini na maringo yangu yote ya Tanga. Wali, nani anifundishe mimi? Ilikuwa miaka ya tisini, mgahawa wa sushi hapa Minneapolis. Mpishi mkuu, mzee wa Kijapani asiyependa maneno mengi, alinipa mchele nipike. Nikautia mafuta na chumvi, ukachambuka punje kwa punje. Akajaribu kufinyanga tonge, wali ukamwagika vidoleni.

"Mzuri," alisema, "lakini si wa hapa. Osha mchele upya."

Nikaosha mchele miaka mitatu. Nilijifunza shari, yaani wali wa sushi uliotiwa siki na sukari, unaopepewa upoe taratibu. Nilileta kipepeo changu cha ukindu na mkuu akakipenda kuliko feni. Ila macho yangu yalikuwa kwenye ubao wa kukatia samaki, pale kaunta, mbele ya wateja. Nilipataka mahali pale kwa moyo wote.

Wanjiru, Mkenya aliyeosha vyombo, alinicheka. "Dada, hapo hawata-allow mwanamke, tena Mwafrika. Si u-apply nursing home, huko job ni steady!"

"Tangulia wewe," nikamwambia. "Mimi nasubiri ubao."

Jumamosi moja mkuu akanikabidhi kisu, akasimama pembeni. Mteja wetu wa siku nyingi akaketi, akanipita kwa macho.

"Leo ubaoni hakuna itamae?" akamuuliza mkuu. Ndivyo mpishi wa sushi anavyoitwa.

Nilinyong'onyea, nikataka kurudi kwenye mchele wangu.

"Ita ni ubao," mkuu akamjibu. "Mae ni mbele. Tangu zamani, kwetu mpishi anaitwa kwa mahali anaposimama. Mtazame aliyesimama hapo."

Akavua aproni, akazunguka kaunta, akaketi kando ya yule mteja.

"Itamae," akaniambia, "tupe utakachotuchagulia."

Nikafinyanga tonge la kwanza. Likashikamana.

Nilisimama pale hadi nilipostaafu. Sasa niko Brooklyn Center, mji mdogo jirani na Minneapolis, na wali wangu umerudi kuchambuka. Wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, lakini neno lile la Kijapani wanalijua vizuri. Nikishika kisu tu, wanasogea wenyewe kunipisha mbele ya ubao.